Chekechea ya serikali: tufuate njia ya Kenya au ya Tanzania?

Kila uchaguzi ukikaribia hili swali linarudi kwenye makundi ya wazazi na wadau wa elimu, kwamba kama tunataka kila mtoto wa miaka minne mitano apate darasa la awali la serikali tupiganie nini hasa, kipengele cha katiba, sheria ya bunge, waraka wa wizara au fungu kwenye bajeti ya halmashauri? Mabishano huwa yanaishia pale pale, Wakenya wanasema nyie Watanzania elimu bure yenu ipo kwenye makaratasi, Watanzania wanajibu nyie watoto mmewaachia magavana. Na wote wana hoja aisee. Kwa hiyo nimezipanga hizi njia mbili bega kwa bega, Zanzibar nimeiweka pembeni kidogo maana ina mambo yake, ili mtu ambaye ana nafasi ya kusukuma jambo hili, awe diwani, MCA (mjumbe wa bunge la kaunti Kenya), mtu wa asasi au mzazi tu aliye kwenye kamati ya shule, aone kila njia inampa nini na itamsumbua wapi.

Niseme mapema msimamo wangu ili msije mkasema nimezunguka: kupitisha sera ya chekechea ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, nchi zote mbili zimeipitisha bila vita kubwa. Kazi ipo kwa mwalimu, nani anamwajiri na nani anamlipa. Hapo ndipo njia hizi mbili zinapoachana kabisa.

Zilivyopita

Kenya ilipita kwa katiba. Tarehe 4 Agosti 2010 watu walipiga kura ya maoni na zaidi ya theluthi mbili wakasema ndiyo. Sasa kumbuka kampeni ile watu walikuwa wanabishania nini: mahakama za Kadhi, utoaji mimba, ardhi, madaraka ya rais. Nasari hakuna aliyeibishania. Lakini ukifungua Jedwali la Nne, sehemu ya kazi za kaunti, namba 9, iko pale pamoja na vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto. Mstari mmoja tu! Mstari ule ndio ukahamisha elimu ya awali yote kutoka Nairobi kwenda kwa kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 magavana wa kwanza wakajikuta wana watoto wa nasari mikononi, wengine nadhani hata hawakuwa wamejiandaa kwa hilo, walikuwa wanawaza barabara na hospitali.

Tanzania Bara ilipita kwa sera na waraka. Darasa la awali lilikuwepo kwenye sera tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ila halikuwa lazima. Ikaja sera ya 2014, ambayo Kikwete aliizindua Februari 2015 pale sekondari ya Majani ya Chai, Dar, ikasema awali iwe lazima, mwaka mmoja. Hata hivyo sera ikizinduliwa inaweza kukaa kabatini miaka. Kilichoisukuma ni uchaguzi wa Oktoba 2015, maana CCM na UKAWA, muungano wa upinzani, walikuwa wanashindana nani ataondoa ada, Lowassa wa UKAWA ameiweka elimu mbele kabisa, Magufuli wa CCM naye hakutaka kuachwa nyuma. Magufuli akaapishwa tarehe 5 Novemba na mwezi haujaisha Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 umeshatoka, ada hakuna kuanzia Januari 2016, na awali imo ndani. Bunge halikuhitajika kupiga kura yoyote kwa hilo, ni sahihi ya wizara tu.

Ukiangalia vizuri utaona zote mbili chekechea imepita kwa kudandia lori la watu wengine, Kenya ilidandia ugatuzi, Tanzania ikadandia elimu bure ya msingi na sekondari. Peke yake haikusimama hata siku moja. Na hili ni la kuzingatia kwa anayepanga kampeni, maana kuna watu wanaandaa mswada wa chekechea peke yake, mzuri, umepangwa vizuri, halafu unalala kwenye kamati mpaka bunge linavunjwa. Hata Kenya yenyewe walipotaka sheria maalum ya elimu ya awali ya kuelekeza kaunti zifanyeje, Seneti ilihangaika nayo miaka mingi na sheria ikaja kupatikana 2021, yaani miaka minane nzima tangu kaunti zianze kazi. Katiba yenye mstari mmoja ilipita haraka kuliko sheria yenye maelezo.

2003 na 2016

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio sehemu inayofundisha zaidi na watu wengi wanaipita.

Mwaka 2003 Kibaki alifuta ada shule za msingi Kenya. Watoto wakafurika, dunia nzima ikashangilia, ila nasari haikuwemo. Nasari iliendelea kuwa ya kulipia, mwalimu wake analipwa na ada za wazazi kama ilivyokuwa tangu enzi za harambee. Sasa wewe ni mzazi wa kijijini, darasa la kwanza bure, nasari unalipa. Utafanyaje? Sehemu nyingi wazazi waliwatoa watoto nasari wakawaingiza moja kwa moja darasa la kwanza, ama wakawaacha nyumbani wasubiri umri ufike. Walimu wa nasari wakapoteza watoto na kwa kuwa mshahara wao ulikuwa unatoka kwenye ada za wale watoto, na mshahara nao ukapungua au ukakata kabisa. Serikali ilifanya jambo jema kwa ngazi moja ikaiumiza ngazi ya chini yake bila kukusudia.

Tanzania 2016 haikufanya kosa hilo, awali iliwekwa ndani ya elimu bila malipo tangu siku ya kwanza. Matokeo yake ni mafuriko ya aina nyingine. Mwaka 2015 watoto wa awali walikuwa milioni moja na kidogo, 2016 wakapita milioni moja na nusu. Mwaka mmoja! Madarasa yale yale, walimu wale wale. Takwimu za serikali zenyewe zikawa zinaonyesha kwenye shule za serikali mwalimu mmoja wa awali anahesabiwa watoto zaidi ya mia, na kiwango kilichowekwa ni watoto 25. Ukiingia darasa la namna hiyo mwezi wa kwanza, watoto wamekaa kwenye mkeka na wengine sakafuni, wa nyuma hawaoni ubao, mmoja analia anataka kwenda nyumbani, wawili wamelala, na mwalimu ameshika fimbo ya kuonyeshea herufi anaimbisha a e i o u kwa sababu kuimba ndio njia pekee ya kushika watoto mia kwa wakati mmoja. Hapo usimlaumu mwalimu. Miaka iliyofuata idadi ikaanza kushuka, maana kundi la kwanza lilikuwa na watoto wa umri mchanganyiko waliokuwa wanasubiri tu ada iondoke.

Kwa hiyo kwenye kipengele cha kuingiza watoto darasani kwa haraka Tanzania inashinda na wala si kwa kubahatisha. Ukitaka watoto wengi mwaka huu huu, waraka wa kutoka juu hauna mpinzani. Ukitaka wajifunze kitu, hapo ndipo tunaanza kubishana.

Hela inatoka wapi

Kenya, kaunti inapata mgao wake wa mapato ya taifa, katiba inasema usipungue asilimia 15, inachanganya na makusanyo yake, halafu bunge la kaunti linagawa. Nasari inashindana humo humo na zahanati, barabara za wadi, basari, maji. Faida yake ni kwamba kuna kalenda inayojulikana na sheria ya fedha za umma inawalazimisha waite wananchi: mpango wa mwaka unatakiwa uwe mezani kufikia tarehe 1 Septemba, makadirio yanaingia bungeni kufikia 30 Aprili, mwaka wa fedha unafungwa 30 Juni. Mama wa Kilifi anaweza kwenda kwenye kikao cha wadi akasimama akasema kituo chetu hakina choo, na jina la kituo likaingia kwenye kitabu. Nimeona watu wakilifanya hilo na likafanikiwa, ingawa inabidi uende na watu, ukienda peke yako wanakuandika jina wanakupa soda unarudi nyumbani.

Hasara yake ni kwamba hela ya kaunti inategemea ugomvi wa Nairobi. Mwaka wa fedha 2024/25 kaunti ziliahidiwa bilioni 400, Muswada wa Fedha ukaangushwa na vijana barabarani, wabunge wakataka zipewe 380, Seneti ikakataa, wakaja kukubaliana 387 na kitu. Muda wote huo mwalimu wa nasari kule Turkana anasubiri. Hazina ikichelewesha mgao, wa kwanza kukosa ni watu wa mikataba, na wengi wa walimu wa ECDE, yaani hawa wa nasari, wako kwenye mikataba.

Tanzania hela inashuka kutoka Hazina kupitia TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, mpaka akaunti ya shule. Ruzuku ya uendeshaji ya shule ya msingi ni ile shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka ambayo imekaa pale pale miaka na miaka, na nyingine hata haifiki shuleni kama pesa, inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Darasa la awali linaishi ndani ya shule hiyo, chini ya mwalimu mkuu huyo huyo, na mwalimu mkuu ana darasa la saba lenye mtihani wa taifa. Wewe ungepeleka chaki wapi? Afisa elimu kata akija anauliza ufaulu wa la saba, au la nne, hajawahi kuja mtu kuuliza kwa nini watoto wa awali hawana vitu vya kuchezea.

Ila kwenye ujenzi lazima tuwe wakweli, Bara imejenga. Fedha za UVIKO-19 mwaka 2021 zilijenga madarasa 15,000, na 3,000 kati ya hayo yalikwenda shule shikizi, ambazo ndizo zinazowasaidia watoto wadogo walio mbali na shule mama wasitembee kilomita sita asubuhi. Kisha ukaja mradi wa BOOST kwa mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 500, na ndani yake kuna madarasa ya awali ya mfano yenye vimeza vidogo na vyoo vya kimo cha mtoto. Kaunti za Kenya nazo zimejenga sana, gavana gani atakataa kukata utepe. Darasa lina ukuta, lina jiwe la msingi lenye jina la mheshimiwa, linapigwa picha. Mshahara wa mwalimu haupigwi picha. Ndio maana unakuta nchi zote mbili kuna madarasa mapya ya nasari yamefungwa kufuli, au yamegeuzwa stoo ya mahindi.

Mwalimu ni wa nani

Hapa sasa ndio kwenyewe.

Kenya walimu wa msingi na sekondari wanaajiriwa na TSC, tume ya taifa ya walimu, wana daraja zao, wana chama cha kelele, wakigoma nchi inasimama. Mwalimu wa ECDE ni wa kaunti. Mshahara unategemea umezaliwa wapi au umeajiriwa wapi, kaunti hii analipwa vizuri kiasi na ana ajira ya kudumu, kaunti jirani anapewa posho tu na mkataba wa kuongezwa kila mwaka, na wote wana diploma ile ile. Na usidhani kila mara ni roho mbaya ya gavana, kanuni za fedha zinasema kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato kwenye mishahara na kaunti nyingi tayari zimeshapita kwa kuwa zilirithi wafanyakazi wa halmashauri za zamani pamoja na madaktari na manesi. Gavana akitaka kuajiri walimu 500 wa nasari mkaguzi wa hesabu anamsubiri mlangoni, kwa hiyo anawaweka kwenye mkataba, anawaandika kwenye fungu lingine, maisha yanaendelea. Kilio cha walimu cha kila mwaka ni wahamishiwe TSC, na kila mwaka wanajibiwa katiba hairuhusu kirahisi.

Kuna kichekesho kingine ambacho ukikiona kwa macho ndio unaelewa. Nasari nyingi za kaunti ziko ndani ya uwanja wa shule ya msingi ya serikali ya taifa. Geti moja, kengele moja, bendera moja, mabosi wawili. Mwalimu mkuu ni wa TSC, mwalimu wa PP1, mwaka wa kwanza wa nasari, ni wa kaunti, paa la nasari likivuja mwalimu mkuu anasema hilo jengo si langu, ofisi ya elimu ya kaunti inasema tutaleta fundi robo ijayo ya mwaka, na mvua za masika haziwasubiri. Maji ya tangi ni ya nani? Choo cha nani? Wanaoelewana wanaendesha shule vizuri tu, kwa heshima zao binafsi, lakini utaratibu wenyewe haujawasaidia.

Tanzania mwalimu wa awali ni mtumishi wa umma kama mwenzake wa darasa la tano, mshahara wake unatoka Hazina, daraja lake linapanda. Hilo ni jambo kubwa na Watanzania hatulisemi vya kutosha. Mwalimu wa Kigoma na wa Kinondoni wenye cheti sawa wanaanza mshahara sawa. Shida ni kwamba kibali cha kuajiri kinatoka Dodoma, halmashauri ikikosa walimu haina la kufanya ila kuandika barua. Na akishafika shuleni anayempangia darasa ni mwalimu mkuu, basi utakuta aliyesomea awali kwa diploma anapelekwa kufundisha hisabati darasa la saba kwa sababu ni kijana na anajua, halafu awali anapewa mama anayekaribia kustaafu au mwalimu aliyetoka likizo ya uzazi, eti huko ni kwa kupumzikia. Kupumzikia! Watoto mia.

Palipobaki pengo wazazi walijaza kwa kuchangishana, elfu moja moja kwa mwezi ya mwalimu wa kujitolea na kilo ya mahindi ya uji. Januari 2018 Magufuli akapiga marufuku michango mashuleni, kwa nia ya kulinda wanyonge na kwa kweli kuna shule zilikuwa zinawakomoa wazazi, lakini kamati nyingi ziliogopa zikaacha hata ile michango ya hiari iliyokuwa inalisha watoto. Hapo unaona udhaifu wa kila kitu kutoka juu, tamko moja jioni, asubuhi sufuria halikubandikwa mikoa yote.

Wa kumlaumu

Kisiasa hiki ni kipengele ambacho mimi nakipa uzito kuliko wengi wanavyofanya. Kenya ukiuliza nasari mbovu ni kosa la nani, jibu lipo: gavana, pamoja na MCA wako. Unawajua majina, unaweza kuwafukuza kazi kila miaka mitano. Ndio maana kuna ushindani wa kweli kati ya kaunti, huyu anatoa uji, yule anatoa maziwa, Nairobi gavana Sakaja alianzisha Dishi na County 2023 mtoto analipa shilingi tano kwa mlo, na hata wanaompinga kwa mengine yote hawathubutu kusema wataifunga. Kitu kizuri kikianza kaunti moja, kaunti ya pili wanaona aibu. Upande mbaya ni kwamba kaunti ambayo gavana hajali, mtoto wa pale ameumia na hakuna wa kumkimbilia, na gavana mpya akiingia anaweza kuubadili jina mradi wa mwenzake au kuuacha ufe.

Tanzania wa kumlaumu ni wengi kiasi kwamba hayupo. Wizara ya Elimu inatunga sera na mtaala, TAMISEMI inaendesha shule, Utumishi inatoa kibali cha ajira, Hazina inatoa hela, na mtoto akiwa chini ya umri wa awali yuko kituo cha kulelea watoto mchana ambacho kinasajiliwa na ustawi wa jamii, wizara nyingine kabisa. Ndio maana Desemba 2021 ilizinduliwa ile programu jumuishi ya malezi na makuzi, PJT-MMMAM, kuwaweka mezani wote hao. Wazo ni zuri, ila programu ya kuratibu haina meno kama haina fungu lake. Diwani wako akikuambia walimu si kazi yangu ni ya Dodoma, hajakudanganya.

Kudumu

Kwa kudumu Kenya ina kitu ambacho huwezi kukinyang'anya kirahisi, kukitoa kwenye Jedwali la Nne ni kubadili katiba. Lakini katiba inazuia kazi isihamishwe, haizuii isinyimwe hela. Waraka wa Tanzania unaweza kufutwa na waraka mwingine kesho, na bado sioni rais atakayethubutu kurudisha ada, kwa hiyo kisiasa umeganda kama sheria. Toleo la 2023 la sera, ambalo Rais Samia alilizindua mwanzoni mwa 2025, limebaki na mwaka mmoja wa awali kabla ya msingi ya miaka sita, na mtaala mpya ulishaanza kwa watoto wa awali Januari 2024. Kenya ni miaka miwili, PP1 na PP2. Kama wewe hoja yako ni muda wa mtoto darasani, Kenya iko mbele kwa mwaka mzima.

Zanzibar kwa kifupi

Zanzibar ilishasema kwenye sera yake ya 2006 kwamba awali ni miaka miwili na ni lazima, mapema kuliko wote hawa. Ikawa ndio mfano wa sera kutangulia uwezo, kwa sababu miaka mingi baadaye watoto wengi walikuwa bado nje. Kilichosaidia hakikutoka kwenye sera, kilitoka mitaani. Kwanza zile chekechea za madrasa, zilizoanza Mombasa 1986 baada ya viongozi wa Kiislamu wa pwani kuomba msaada kwa Aga Khan, zikafika Unguja 1990, ambapo jamii inatoa chumba na msimamizi, na akina mama wa mtaa wanafundishwa ualimu. Kisha vituo vya Tucheze Tujifunze, redio inawekwa katikati, mlezi wa kijijini anafuata kipindi, watoto wanacheza na kuhesabu. Watu wanaviita TuTu. Baada ya wazazi kuzoea kwamba mtoto wa miaka minne anakwenda skuli, serikali ikapata msukumo wa kuwachukua kwenye mfumo. Ni njia ya polepole, ila unaingia kwenye siasa tayari una wazazi, huendi kuwatafuta.

Na kwa anayedhani tunaweza kuacha tu soko lifanye kazi, Uganda sheria yake ya elimu ya 2008 iliiachia awali watu binafsi na wazazi. Mwenye hela mtoto anasoma, asiye nayo anaanza P1, darasa la kwanza, bila kujua kushika penseli. Sina la kuongeza.

Sasa uchague nini

Kama nchi yako au jimbo lako hata darasa halijulikani ni nini, watoto wako nyumbani, wazazi hawajazoea, usianze na kugatua. Chukua njia ya Bara, iambatanishe na shule ya msingi na uiweke ndani ya elimu bure siku ya kwanza, ila safari hii upange walimu kabla ya kufungua mlango, hata kama ni kuanza na wilaya chache. Kusema tutaajiri baadaye ndio kulikoleta watoto mia kwenye mkeka, na "baadaye" ya serikali unaijua.

Kama watoto wameshaingia na tatizo ni ubora, choo, uji, vifaa, umbali, basi ya Kenya ndiyo inayofaa, kwa sababu haya ni mambo ambayo mtu wa karibu anayaona na anaweza kupigiwa kura kwa sababu yake. Hapo madiwani wa Tanzania wangepewa fungu lao la awali, linalosomeka kwa jina kwenye bajeti ya halmashauri, nadhani tungeona tofauti bila kubadili katiba wala nini.

Kwa mwalimu mimi sina pande mbili, aajiriwe na kulipwa kutoka taifa. Kenya hilo lingehitaji makubaliano ya TSC na kaunti, na si rahisi, chama cha walimu KNUT na magavana wamevutana nalo tangu mwanzo. Najua wapo watakaoniambia ukimpeleka mwalimu kwa taifa unaua ugatuzi. Sawa, lakini wanaolipia ule ugatuzi ni hawa mabinti wenye diploma wanaosaini mkataba kila Januari.

Na kama huna nguvu ya kubadili mfumo wowote, wewe ni mzazi tu au uko kwenye bodi, Kenya ingia kwenye vikao vya wadi sasa hivi kabla kampeni za Agosti 2027 hazijachanganya watu, maana mwaka wa uchaguzi utaahidiwa madarasa mpaka kichwa kikuume. Tanzania anzia mkutano wa kijiji au mtaa pale wanapoorodhesha vipaumbele, kisha mfuatilie diwani mpaka kwenye baraza. Ukifika omba kitabu cha bajeti, nenda ukurasa wa elimu, acha kwanza mstari wa ujenzi, tafuta mshahara na posho za walimu wa awali wa mwaka huu na wa mwaka jana. Madarasa yakiwa yameongezeka na ule mstari umekaa vile vile, simama uulize hao watoto watafundishwa na nani, na usikae mpaka mtu atajwe jina.